Darizi za kanzu hazitoki kwenye chapa

SWALI: Twachapa kalenda na kadi za harusi kwa ofseti hapa Kisauni, na pleti, yaani bamba za alumini zenye picha, twazichoma wenyewe kwa mwanga kupitia filamu za pozitivu, zenye picha nyeusi palipo na wino. Pleti za asubuhi huwa nzuri. Za mchana, darizi za shingo ya kanzu hazionekani kabisa, kanzu yatoka nyeupe tupu. Fundi wa mashine asema ni wino. Tumebadilisha wino, hali ni ile ile.

JIBU: Ndugu yangu, wino uacheni. Filamu nayo haina kosa, maana ile ile ya asubuhi ndiyo mnayoitumia mchana. Kinachobadilika kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana ni joto, na naamini linawaharibia kazi kwenye beseni la dawa ya kusafishia pleti baada ya kuchomwa.

Kwenye pleti ya pozitivu, mwanga ukipiga utando uliopakwa juu yake, utando huo huyeyuka kwa dawa. Uliokingwa na nukta za filamu, zinazounda picha, hubaki, na ndio unaoshika wino. Sasa darizi nyeupe juu ya kitambaa cheupe ni nukta ndogo mno, zinazofunika asilimia 2 hadi 5 hivi ya eneo. Dawa nyingi za aina hii hutakiwa ziwe baina ya nyuzi 20 na 25 za selisiasi. Chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa, msimu wa kaskazi, mchana hupita 30. Dawa ikipata joto huwa kali, hula hata utando uliokingwa. Nukta kubwa hupungua ukingoni tu na jicho halitambui. Ndogo huisha zote.

Nunueni kipimajoto. Beseni la dawa liwekeni ndani ya beseni kubwa lenye maji ya barafu, lakini barafu isiingie kwenye dawa, itaizimua. Kisha chomeni pleti mbili kwa filamu moja na muda mmoja: moja isafisheni kwa dawa ya nyuzi 23, nyingine kwa dawa ya joto la chumba. Zitazameni kwa lenzi ya kukuza mara 10, pale penye kanzu. Mtaona wenyewe.

Ikiwa hata ile ya nyuzi 23 imepoteza nukta, basi mwanga umezidi, au filamu haikulala vizuri. Upande wenye picha lazima uguse pleti. Ukigeuzwa, unene wa filamu, kama milimita 0.1, huacha mwanga upenye chini ya nukta na kuzila. Subirini pampu ivute hewa yote kati ya filamu na pleti kabla ya kuwasha taa. Muda wa mwanga upimeni kwa ukanda wa ngazi za kijivu, yaani kipande cha filamu chenye ngazi zinazozidi weusi hatua kwa hatua, msikisie: kwenye ukanda wa kawaida ambao kila ngazi huzidi weusi (densiti) kwa 0.15, kusogea ngazi mbili ni kuongeza mwanga maradufu.

Na pleti isiyopanda mashineni papo hapo ipakeni gamu, yaani gundi ya kuikinga, kwani hewa yetu ya pwani huishika alumini upesi, ikaacha madoa yanayovuta wino.