Kuomba ruzuku ya utafiti wa macho kwa data iliyokwisha kukusanywa

Kabla ya kuandika andiko lako la kuomba ruzuku, soma orodha ya vipimo vya data unayoitaka. Tazama jicho lilipimwa mwaka gani, kwa watu wa umri gani, na kwa kifaa gani. Maandiko mengi huanguka hapa, hata swali likiwa zuri kabisa.

NHANES, utafiti wa taifa wa afya na lishe wa Marekani, hupakuliwa bure. Lakini picha za retina, utando wa nyuma ya jicho, zilipigwa 2005 hadi 2008 tu, kwa wenye miaka 40 na zaidi. Retinopathi ya kisukari, yaani madhara ya kisukari kwenye retina, kwa vijana huipati humo. UK Biobank, hazina ya data ya afya ya Uingereza, ina watu takriban 500,000, ila picha za OCT, zinazoonyesha matabaka ya retina, mwanzoni zilichukuliwa kwa kama 67,000. Tena walioitikia mwaliko ni 5.5% tu, na wana afya kuliko wenzao. Itumie kulinganisha watu ndani ya kundi hilo. Usiahidi kukadiria Waingereza wangapi wana glakoma. Madai ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, nayo hayaonyeshi mgonjwa anaona kiasi gani. Yanaonyesha huduma iliyolipiwa, basi.

Ukishachagua, hesabu wagonjwa wanaobaki baada ya kuondoa picha zisizosomeka na waliokosa vipimo. R21, ruzuku ya utafiti wa awali ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), inakupa kurasa 6 za mkakati wa utafiti. Jedwali dogo la idadi hizo humshawishi mpitiaji kuliko aya 3 kuhusu ukubwa wa tatizo la upofu.

Sehemu ya takwimu ndiyo inayotenganisha anayeyajua macho na asiyeyajua. Macho ya mtu mmoja hufanana, hivyo ukichambua macho 2,000 ya watu 1,000 kana kwamba ni watu 2,000, matokeo yatajifanya ya uhakika kuliko yalivyo. Taja GEE au modeli mseto, mbinu za takwimu zinazozingatia kufanana huko. Ukichagua jicho moja, eleza kwa nini hilo. Usitafute wastani wa vipimo vya kuona kama 20/40 na 20/200 moja kwa moja: vigeuze kwanza kuwa logMAR, kipimo cha kuona cha kilogarithi, yaani 0.3 na 1.0. Ukiunganisha mizunguko 2 ya NHANES, kila mmoja wa miaka miwili, gawanya uzani wa miaka miwili (idadi ya watu ambao kila mshiriki anawawakilisha) kwa 2, la sivyo idadi ya Wamarekani itaongezeka mara mbili. Kwenye Medicare, kumbuka tarehe 1 Oktoba 2015: siku hiyo Marekani ilihama kutoka ICD-9 kwenda ICD-10, matoleo ya misimbo ya magonjwa. Misimbo ya zamani ya magonjwa haikutaja jicho la kulia au la kushoto, kwa hiyo huwezi kufuatilia jicho lilelile kwa utambuzi wa ugonjwa peke yake.

Kuhusu fedha, R21 kwa kawaida ni miaka 2 na dola 275,000 za gharama za moja kwa moja, lakini fuata tangazo lenyewe. Mkataba wa kupata data huweza kula miezi, basi uanze mapema pamoja na kibali cha maadili. Weka ada ya data na gharama ya kompyuta. UK Biobank huchambuliwa kwenye jukwaa lake na matumizi hulipiwa. Mtakwimu mpe muda wa kweli. Akitengewa 5% ya muda wake, kazi yote iliyotajwa hapo juu haifanyiki.

Tangu 25 Januari 2023, NIH hudai mpango wa kutunza na kushirikisha data. Data ya Medicare huna ruhusa ya kuigawa, kwa hiyo ahidi unachokimiliki: programu za uchambuzi na orodha kamili ya misimbo uliyotumia.