Kwa wanasihi wapya wa Dodoma: kiwewe, yaani jeraha la moyo, kinachopita kutoka kizazi hadi kizazi

Ninyi mnaoanza kazi ya unasihi au ya ustawi wa jamii mkoani kwetu mtakutana mapema na mtu ambaye hofu yake ni kubwa kuliko mambo yaliyompata yeye mwenyewe. Anaweza kuwa mama mwenye akiba ya mtama ya kutosha, ambaye humchapa mtoto kwa punje chache zilizomwagika, na ukimuuliza kwa nini, hana kisa cha kukueleza. Kabla ya kutafuta jina la ugonjwa wake, muulize ni nani aliyemlea, na mlezi huyo alikulia katika hali gani.

Swali hilo lina uzito hapa. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ilipitia njaa kali kati ya 1917 na 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na mvua zilipokosekana watu hawakuwa na kitu cha kukimbilia. Njaa nyingine zilifuata, na katika miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisemi kwamba kila hasira ya leo imetoka huko. Mnasihi anayejua jibu kabla ya kusikiliza huumiza watu.

Tangu miaka ya 1960 wataalamu waliwachunguza watoto wa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, na baadhi yao walionekana kubeba hofu za mambo ambayo hawakuyaona. Njia iliyo wazi zaidi ni malezi: mzazi anayeshtuka kwa kila kishindo, au anayenyamaza kabisa kuhusu waliokufa, humfundisha mtoto kuogopa bila kumwambia anachokiogopa. Kuhusu urithi wa kimwili, semeni kwa tahadhari. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 walikutwa, miongo kadhaa baadaye, na tofauti katika alama zinazoongoza utendaji wa vinasaba, lakini hao waliguswa na njaa yenyewe, kwa hiyo si ushahidi kwamba alama hizo hupita vizazi vingi.

Wengi watawaambia kwamba ukoo wao una laana. Msiwabeze, kwa kuwa wameona jambo la kweli, yaani maumivu yanayojirudia kwa babu, baba na mwana. Ila wasaidieni kulitenganisha na hatia, maana mtu anayejiona amelaaniwa huona hana la kubadilisha.

Usianze kuchimba historia wakati mtu bado anapigwa nyumbani. Usalama hutangulia, na kwa mtoto aliye hatarini simu ya 116 hupigwa bila malipo. Mwenye dalili nzito, hasa anayetaka kujiua, apelekwe hospitali bila kusubiri. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa mjini. Usingizi ukirudi na mwili ukitulia, ndipo mwombe, akiwa tayari, amwendee bibi au mzee wa ukoo na kusikiliza bila kumhoji kama polisi. Mzee akikataa kusema, aachwe. Kazi iendelee kwa mzazi aliye mbele yako: mfundishe kutambua kifua kinavyombana kabla hajapandisha mkono, atoke nje kidogo, kisha arudi amweleze mtoto kwamba hasira ile haikuwa kosa lake.