Maswali ya Wasomaji: Safina, Kamba na Kibaba

SWALI: Ninalea watoto wawili, wa miaka minne na sita, wa familia ya Kiyahudi iliyohamia Mtwara kikazi. Mama yao ameniomba niwafanyishe kila wiki kazi ya mikono inayohusu hadithi ya Torati ya wiki hiyo. Mimi ni Mwislamu na hadithi hizo nilizisikia chuoni tu. Nilianza kwa kuwachorea safina ya Nuhu ili waipake rangi. Baada ya dakika tano wakakimbilia nje. Jumamosi nilipotaka tuimalizie, mama akanizuia. Nimekosea wapi?
Mlezi, Shangani, Mtwara

JIBU: Tuanze na Jumamosi, kwani hapo hapana mjadala. Kwa Wayahudi wanaoishika Sabato, siku hiyo huingia Ijumaa jua linapozama, kama vile wazee wetu wa pwani wanavyouita usiku wa kuamkia Jumamosi “usiku wa Jumamosi”, na tangu hapo hadi nyota zinapoonekana kesho yake jioni hawaandiki, hawapaki rangi, hawakati karatasi wala hawagandishi kitu kwa gundi. Kazi yenu, basi, iwe imekwisha Ijumaa mchana, ili usiku ule watoto wawe na kitu cha kuonyesha mezani.

Torati imegawanywa katika sehemu 54, kila moja ikiitwa parasha, nazo husomwa kwa mfuatano hadi mwaka uishe, wiki nyingine zikisomwa mbili kwa pamoja, kisha mzunguko huanza upya mnamo Septemba au Oktoba. Parasha ya Nuhu ni ya pili, kwa hiyo huwafikia huko kwenu wakati korosho zinaokotwa.

Kuhusu safina yako, sioni ajabu watoto kuikimbia. Kupaka rangi mchoro wa mtu mzima hakumdai mtoto chochote cha hadithi. Angeweza kuwa anapaka basi au tembo. Tafuta ndani ya parasha kitendo kimoja au kipimo kimoja ambacho mwili wa mtoto unaweza kukirudia, mengine yaache. Torati inasema safina ilikuwa na urefu wa dhiraa 300, upana wa dhiraa 50 na kimo cha dhiraa 30, na dhiraa ni ule ule mkono waliopimia nguo bibi zetu, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Maji yakipwa, nenda nao ufukweni na kamba ya makumbi yenye urefu wa dhiraa zako kumi, muivute mchangani mara 30, yule wa miaka sita akihesabu na mdogo wake akichomeka kijiti kila kamba inapokomea. Wakifika mwisho wageuke watazame ndala zao walikoziacha, takriban mita 135 nyuma yao, kisha waitazame mashua yoyote iliyoegeshwa hapo karibu. Nadhani hutahitaji kuwaeleza zaidi.

Jihadhari na jambo moja, nalo ni kuchanganya masimulizi. Wewe umefundishwa kuwa mwana mmoja wa Nuhu alikataa kupanda akazama. Katika Torati wana wote watatu, Shemu, Hamu na Yafethi, waliingia safinani pamoja na wake zao. Msome na mama parasha nzima Jumapili, uwasimulie watoto kama kitabu chao kinavyosema. Kwamba Mungu hachorwi wala hafinyangwi, hilo huhitaji kuelezwa.

Parasha ya mana, yaani chakula walichoshushiwa Waisraeli jangwani, kila mtu akiokota kipimo chake cha siku, husomwa Januari au Februari, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, mwaga bisi juu ya mkeka uani, kila mtoto aokote kibaba kimoja tu na kilichobaki ukiondoe. Ijumaa waokote vibaba viwili, kwa kuwa siku ya Sabato mana haikushuka. Mtoto atakayeuliza kwa nini leo ni viwili amekwisha kuingia katika hadithi, na jioni mama atamwonyesha mikate miwili ya Sabato mezani, ambayo huwekwa miwili kwa ukumbusho wa fungu hilo maradufu. Bisi azipike mama mwenyewe katika sufuria yake, maana nyumba zinazofuata sheria za chakula za Kiyahudi hutenganisha vyombo vya nyama na vya maziwa, na sufuria ya jirani inaweza kuharibu shughuli nzima.

Zipo parasha ngumu, hasa za Mambo ya Walawi zinazozungumzia magonjwa ya ngozi. Wiki hizo muulize mama achague mstari mmoja, msihangaike. Kamba ya makumbi usiitupe. Mnamo Februari au mwanzoni mwa Machi itasomwa parasha ya Truma, yenye vipimo vya Sanduku la Agano, lile la kuwekea mbao za Amri Kumi, dhiraa mbili na nusu kwa moja na nusu kwa moja na nusu, na katoni la friji lililolazwa chini litawatosha.