Wasomaji Wanauliza: Tumeitwa Kwenye Kikao cha Familia

Kijana wangu wa miaka 24 ametoka hospitali mwezi uliopita, wamesema ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Sasa muuguzi ametuita familia nzima kliniki kila baada ya wiki mbili. Mjomba wake anasema atakuja kumnyoosha. Tunakwenda kufanya nini huko? Au wanaona sisi wazazi ndio tuliomharibu mtoto?
*Mama, Morogoro*

Pole sana, mama. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi: hapana. Skizofrenia haitokani na malezi mabaya, na mtaalamu anayejua kazi yake hatakutafutia kosa. Mmeitwa kwa sababu kijana anamwona daktari dakika chache kwa mwezi, siku zilizobaki yuko na nyinyi.

Uzito wa hali ya nyumbani ulianza kuonekana London miaka ya 1950. Mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume walioruhusiwa hospitalini baada ya kulazwa muda mrefu. Waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walirudishwa wodini zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kukaa na ndugu zao. Tafiti zilizofuata zikaeleza sababu. Si mapenzi yaliyowadhuru, bali mambo matatu: lawama za mara kwa mara, uhasama, na kumganda mgonjwa kupita kiasi, yaani kumfanyia kila kitu, kumlilia, kutomwacha hata kwenda dukani peke yake. Akili inayotoka kwenye ugonjwa huu haihimili presha ya namna hiyo saa nyingi kwa siku. Habari njema ni kwamba mambo hayo yanabadilika kwa mazoezi, na dawa ikiwa pamoja na nyumba tulivu hufanya kazi zaidi kuliko dawa peke yake.

Sasa kikao chenyewe. Mara nyingi huanza na mikutano miwili mitatu ya kufahamiana, kisha mafunzo kuhusu ugonjwa na dawa, kisha mazoezi ya kuzungumza, mwisho kutatua matatizo ya nyumbani moja baada ya jingine. Mwongozo wa tiba wa Uingereza unataka vikao visivyopungua 10, ndani ya miezi 3 hadi mwaka mmoja. Anayekuja mara mbili akaacha amesikia mafunzo tu, hajafika kwenye mazoezi.

Penginepo familia 5 hadi 8 hukaa pamoja kwa dakika 90: 15 za mazungumzo ya kawaida, 20 za kila familia kusema wiki mbili zimekwendaje, 5 za kuchagua tatizo moja, 45 za kulitatua, 5 za kuagana. Zile 15 za mwanzo, za mpira na bei ya nyanya, watu huziona za kupoteza muda. Msizichelewe. Huenda kijana wako ana miezi hajaongeleshwa chochote zaidi ya "umekunywa dawa?"

Zoezi moja mnaweza kuanza leo. Kijana amelala mpaka saa sita mchana, vyombo vichafu. Ulimi unataka kusema: "Wewe mvivu, unanisubiri mimi kila siku!" Kumbuka kwamba baadhi ya dawa hizi huleta usingizi mzito, na ugonjwa wenyewe huondoa ari, hata ya kuoga. Huo si uvivu. Mtazame, taja jambo moja uliloona, sema lilivyokugusa, kisha omba kitu kimoja chenye saa yake: "Nimerudi sokoni nimekuta vyombo havijaoshwa, nimechoka zaidi. Naomba kesho uvioshe kabla ya saa nane." Akiosha hata vikombe viwili, mshukuru kwa hivyo viwili. Wengi huanguka hapo, wanashukuru kisha wanaongeza "lakini sufuria je?" Shukrani yote imefutika.

Kuhusu mjomba, mwache aje, kwa kuwa sauti yake ina uzito nyumbani. Lakini mwambie muuguzi mapema, ili akutane naye peke yake kabla ya kikao. Hiki si baraza la ukoo, na mgonjwa akikalishwa kitako mara moja tu mbele ya wakubwa, kikao cha pili haji.

Mume wangu ana ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) na haachi kukwepa dawa. Tumefanya vikao vinne, kila mara tunaishia kugombana pale pale mbele ya mnasihi.
*Mke, Tanga*

Inaelekea mnaruka hatua ya kwanza. Utatuzi una hatua sita: kulitaja tatizo, kuorodhesha njia zote, kupima faida na hasara za kila njia, kuchagua, kupanga nani atafanya nini lini, na kurudi kuangalia ilikwendaje. Ugomvi huzaliwa kwenye mbili za mwanzo.

"Hataki dawa" si tatizo, ni shutuma. Ulizaneni: dozi ipi? Siku zipi? Inamfanya nini? Mara nyingi jibu ni dogo na la maana: ya usiku inamchelewesha kazini, mikono inamtetemeka anapobeba kikombe mbele ya wageni, ameanza kunenepa, au anaogopa nguvu za kiume zitapungua. Hili la mwisho wanaume hulificha, hivyo muulizwe mkiwa wawili, si mbele ya wakwe. Sasa tatizo lina umbo: "Dozi ya saa nne usiku inamfanya achelewe kuamka."

Kwenye orodha, andikeni kila wazo bila kulipinga, hata la kijinga, mpaka yafike sita au zaidi. Kumwomba daktari asogeze saa au abadilishe dawa, kuinywa na chakula cha jioni, kisanduku chenye vyumba saba vya siku za wiki, kumuuliza daktari kama kuna sindano inayofanya kazi kwa wiki kadhaa inayomfaa. Anayesema "hiyo haiwezekani" katikati ya orodha amewafunga wengine midomo. Kupinga kuna zamu yake, hatua ya tatu. Chagueni njia moja, ijaribiwe wiki mbili. Ikishindikana, kilichoshindwa ni mpango, rudini kwenye orodha.

Na kwa kuwa uko Tanga: kama anatumia lithiamu, moja ya dawa za ugonjwa huu, asianze kufunga Ramadhani bila kumwona daktari. Mwili ukipungukiwa maji, lithiamu hupanda kwenye damu na inaweza kuwa sumu. Kuhara, kutapika, kupepesuka na mikono kutetemeka kupita kawaida ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Jambo hili lizungumzwe kikaoni mapema, pamoja na sheikh wenu kama mnamwamini.

Shikamooni. Mimi ndiye mgonjwa. Nalazimika kusema kila kitu mbele ya baba?
*Binti, Mbeya*

Marahaba. Hulazimiki. Kabla ya kikao cha kwanza mwambie mtaalamu yapi ni ya familia na yapi ni yako na yeye tu. Sauti unazosikia, uhusiano wako, yaliyokupata utotoni, vyote ni vyako kuvitoa au kuvizuia. Kuna jambo moja ambalo hawezi kukufichia: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Na kama kuna anayekupiga hapo nyumbani, mwambie mtaalamu faragha. Kikao cha pamoja na mtu huyo hakifai, kinaweza kukuletea kipigo zaidi mkirudi.

Niko Muscat, ndiye ninayelipia dawa za mdogo wangu. Nitashirikije kwenye vikao vya familia?
*Dada mtu*

Kwa simu iliyowekwa katikati ya meza, mkiwa mmekubaliana zamu ya kusema, maana mstari ukikatika-katika wewe utawafunika wengine. Pesa isikupe kura mbili. Punguza pia simu za kila siku za kuuliza dawa, hata kutoka mbali zinabana.

Kazi yako kubwa iwe kuhakikisha inaandikwa karatasi ya dalili za awali. Ugonjwa ukitaka kurudi mara nyingi hutangulia kubisha hodi siku au wiki kadhaa kabla, na kila mgonjwa ana hodi yake: mmoja anakosa usingizi usiku tatu mfululizo, mwingine anaacha kula chakula kilichopikwa na wenzake, mwingine anazima redio akisema inamsema. Mdogo wako mwenyewe, akiwa mzima, ataje zake tatu au nne. Chini yake yaandikwe majina mawili ya watu anaokubali wamwambie "tunaziona," namba ya kliniki, na watakalofanya siku hiyo. Akisema anataka kufa, karatasi haisubiriwi wala kikao: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake, ya pili iwe kwenye faili la kliniki, ya tatu ipigwe picha utumiwe wewe.