Kuhamishia samaki wa dhahabu kwenye tangi la lita 200

Je, unaweza kuhamishia samaki wa dhahabu kwenye tangi jipya siku hiyohiyo unayolijaza maji? Hapana, usiwahamishe siku hiyo, hata maji yakionekana maangavu. Tangi jipya halina bado bakteria wa kugeuza amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, na samaki wa dhahabu hula sana na kuchafua sana.

Njia ya mkato ipo: toa sponji ya chujio la zamani, ile yenye utelezi wa kahawia, uitie ndani ya chujio jipya bila kuiosha. Utelezi huo ndio makazi ya bakteria. Wengi wao hawakai kwenye maji, kwa hiyo kubeba ndoo za maji ya zamani hakusaidii sana. Sponji isikauke, na ukiisuuza kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua.

Maji mapya yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha hupunguza klorini ya kawaida tu; kloramini (mchanganyiko wa klorini na amonia unaotiwa kwenye maji ya bomba ya baadhi ya maeneo) hubaki. Halafu pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili: vyote viwe sifuri. Kimoja kikifika 0.25 mg kwa lita, badilisha robo ya maji na upunguze chakula siku hiyo.

Kama huna sponji ya zamani, tenga wiki 4 hadi 6 za kutia amonia kidogokidogo kwenye tangi lisilo na samaki, ili kukuza bakteria hao. Na kagua meza kabla ya kujaza: maji peke yake yana kilo 200, bado kioo na changarawe.