Maswali na Majibu: Mizani, Vina na Takriri katika "Der Panther"

Wasomaji wameuliza kuhusu "Der Panther", shairi la Kijerumani la mshairi Rainer Maria Rilke lililomo katika diwani yake Neue Gedichte ya mwaka 1907. Lina beti tatu za mishororo minne minne, na linamhusu chui aliyefungiwa tunduni katika Jardin des Plantes, bustani yenye wanyama jijini Paris.

Nikihesabu mizani napata 11 hapa, 10 pale. Mshairi kateleza?

Hapana. Sisi tunahesabu kila silabi. Shairi hili linapimwa kwanza kwa mkazo. Soma kwa sauti: Sein BLICK ist VOM VoRÜberGEHN der STÄbe. Mikazo ni mitano (wa vom ni hafifu, lakini nafasi yake ipo), na kila mmoja unatanguliwa na silabi nyepesi. Mwendo huu huitwa iambi. Silabi ya 11, -be, inafuata mkazo wa mwisho. Mshororo wa pili unaishia penye mkazo wenyewe, hält, basi unabaki na 10. Hupokezana hivyo karibu shairi zima.

Hält na Welt ni vina kweli?

Ni vina, kwa sababu hutamkwa sawa. Vina vinapishana: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Ila angalia Stäbe na gäbe: zinalingana kuanzia irabu yenye mkazo, -äbe. Kwetu -be ingetosha.

Kwa nini neno Stäbe linarudiwa mno?

Hapa ndipo ninapomvulia kofia Rilke. Stäbe ni nondo za tundu, nazo zimetajwa mara tatu katika ubeti mmoja:

Ihm ist, als ob es tausend Stäbe gäbe
und hinter tausend Stäben keine Welt.

Yaani, chui anaona kana kwamba kuna nondo elfu, na nyuma ya nondo elfu hakuna ulimwengu. Gäbe inaigonga Stäbe papo hapo, kabla mshororo haujaisha. Kisha tausend na Stäben zinarudi tena. Msomaji naye, kila akigeuka, anakutana na nondo.

Mbona mshororo wa mwisho ni mfupi?

Und hört im Herzen auf zu sein: silabi 8, mikazo minne. Taswira imeingia kwa mboni, imepita viungoni, imefika moyoni ikakoma; na mshororo unakoma nayo. Ukilighani shairi hili, usiivute sein ili kufidia mkazo wa tano.