Darjeeling kwa mara ya kwanza: usiukimbize mlima

Mkuu, umeuliza kama siku mbili zinatosha Darjeeling, ule mji wa milimani India, mwishoni mwa Septemba, na kama kuna maana ya kwenda wakati ukungu umetanda. Mimi nilikwenda kipindi hicho hicho, nikiwa mwanafunzi Kolkata. Kaa nne, la sivyo pesa yako peleka kwingine.

Treni ya usiku kutoka Sealdah, stesheni ya Kolkata, inakushusha asubuhi New Jalpaiguri, stesheni ya bondeni chini ya milima. Nje kuna magari ya kuchangia, mnabanana watu kumi, mwendo wa saa tatu na ushee. Wahi kiti cha mbele, kona zile zinatapisha. Barabara inapishana na reli ya treni ndogo mara kwa mara, ile iliyofika mjini 1881 na upana wake ni sentimita 61 tu; kuna mahali inapita mlangoni kabisa mwa maduka. Bondeni nilikuwa nafuta jasho. Kurseong nikavaa sweta. Ghum, mita 2,258, nikavaa kila kilichokuwa kwenye begi.

Nimekulia Lushoto, nikadhani ukungu naujua. Wa Lushoto unaondoka jua likichomoza. Huu unaingia dirishani, unalala na wewe. Nilifua soksi siku ya kwanza, nitarudi kwenye hizo soksi.

Kosa langu lilikuwa Tiger Hill, kilima ambacho watu hupanda kutazama jua likichomoza. Usiku wa kwanza tu nikalipia gari, saa tisa na nusu usiku nagongewa mlango. Tumepanda, tumejazana gizani tukitetemeka, tunasubiri jua lipige Kanchenjunga, ule mlima mkubwa wa theluji. Kukapambazuka, na kilichoonekana ni weupe tu, kama mtu amekutundikia shuka usoni. Pesa hairudishwi. Kuanzia Oktoba katikati hadi Novemba anga huwa safi zaidi. Septemba bado ni mkia wa mvua, na maporomoko hufunga barabara, kwa hiyo acha siku ya akiba kabla ya ndege yako.

Baada ya hapo nikaacha kukimbizana. Asubuhi nilikaa Chowrasta, uwanja wa juu usioingia magari, kwa mama mmoja anayeuza chai ya maziwa na tangawizi. Watu wengi pale wanazungumza Kinepali, na mwanamke kama yule unamwita didi, yaani dada. Nilipomwita hivyo akanisogezea kiti karibu na jiko. Ile chai maarufu ya mashamba ya huko hunywewa kavu, bila maziwa. Nilijaribu kuiweka sukari vijiko vitatu kama nyumbani, muuzaji akageuka pembeni asinione. Mchana kula momo, vile vitumbua vya unga vilivyokunjwa na kupikwa kwa mvuke, nyama ndani, ila ile pilipili nyekundu ionje kwa ncha ya kijiko kwanza.

Bustani ya wanyama ina panda wekundu na chui wa theluji, na ndani ya eneo hilo hilo kuna chuo cha kupanda milima kilichoanzishwa 1954, mwaka mmoja baada ya Tenzing Norgay na Hillary kufika kilele cha Everest. Tenzing mwenyewe alifundisha pale. Alhamisi wamefunga. Treni ya matembezi hadi Ghum na kurudi ni nzuri, ila tiketi kata mapema.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka barazani kuzigeuza soksi kwenye kamba. Ukungu ulikuwa umeshuka bondeni. Nikaangalia vilima vya mbele, sikuona cha ajabu. Mzee wa chumba cha jirani akanishika kidevu, akakiinua. Mlima ulikuwa juu kabisa, mahali nilipodhani ni mawingu, mita 8,586, umeshika rangi ya waridi upande mmoja. Mimi wa kutoka nchi ya Kilimanjaro nilikuwa natafuta chini mno. Ulikaa kama dakika ishirini, ukafunikwa.

Soksi nilizifunga kwenye mfuko wa plastiki zikiwa mbichi, zikakauka Kolkata.